Premio au Allion? Ushindani uliozaliwa ndani ya Toyota yenyewe

Ukitaka kuchangamsha kijiwe chochote cha Dar es Salaam au Nairobi, tupa swali moja tu: kati ya Premio na Allion, gari ni lipi? Wa Premio watazungumzia heshima, gari la mwalimu mkuu na mzee wa kanisa. Wa Allion watasema lao lina sura ya ujana. Madalali nao wanauchochea ubishi huo, maana mara nyingi Premio hutajwa bei ya juu kidogo kuliko Allion ya mwaka uleule na hali ileile.

Sasa mwambie fundi afungue boneti asome kibati. Premio ya 1.5 ya toleo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2001, imeandikwa NZT240. Allion ya 1.5 ya toleo hilohilo nayo imeandikwa NZT240. Herufi NZ zinataja familia ya injini, ambayo hapa ni 1NZ-FE, na T inataja ukoo wa magari yaliyotokana na Corona na Carina za zamani. Corolla yenye injini hiyohiyo inaitwa NZE121: injini moja, ukoo mwingine. Lakini Premio na Allion hata ukoo ni mmoja. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,700 kwa zote mbili, na upana ni milimita 1,695 kwa zote mbili. Zinachotofautiana ni taa, bampa, shoo ya mbele, buti, na mambo ya ndani kama viti na urembo wa dashibodi. Ukienda Gerezani, mtaa wa vipuri Dar es Salaam, kutafuta breki pedi au pampu ya maji ya Allion ukapewa ya Premio, hujaibiwa.

Basi kwa nini kampuni itengeneze gari moja mara mbili, ilipe majina mawili, iandike matangazo mawili, halafu iache hayo mawili yagombanie mteja mmoja? Wengi hutafuta jibu kwa wahandisi. Jibu liko kwa wenye maduka.

Maduka kwanza, gari baadaye

Mtu wa kumtaja hapa ni Kamiya Shotaro. Kabla ya kujiunga na Toyota mwaka 1935 alifanya kazi katika tawi la General Motors nchini Japani, na huko aliona jinsi Wamarekani walivyojenga mtandao wa wauzaji. Baada ya vita Toyota ilikuwa hoi kifedha, na mwaka 1950 shughuli za mauzo zikatenganishwa na kiwanda zikawa kampuni yake, Kamiya akiwa kiongozi. Duka la magari la Japani halikuwa mali ya Toyota. Lilikuwa la tajiri wa mkoa husika aliyeweka mtaji wake mwenyewe, akajenga karakana yake na kuajiri vijana wake.

Soko lilipokua, njia rahisi ingekuwa kumpa yule tajiri magari zaidi. Kamiya alifanya vingine. Alianzisha mtandao wa pili ubavuni mwa ule wa kwanza, ulioitwa Toyota Store, nao huo wa pili ukawa na matajiri wengine. Toyopet ukaanza mwaka 1956. Mwaka 1961 ukaja mtandao wa kuuza gari dogo la Publica, ambao baadaye uliitwa Corolla. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ukaja Auto, na mwaka 1980 Vista. Auto ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1998 ikawa Netz, na mwaka 2004 ikaimeza Vista. Kwa hiyo katika mji mmoja wa Japani ungeweza kukuta maduka manne au matano, yote ya Toyota, wenyewe wakiwa hawapendani hata kidogo.

Na kila mwenye duka anataka gari la kwake. Ukimuuzia wa Toyopet na wa Toyota Store gari lilelile lenye jina lilelile, watashindana kwa kushusha bei hadi wote wafunge. Ukiwapa magari mawili yenye majina tofauti, kila mmoja ana kitu cha kujivunia. Corona, ambayo hatimaye ndiyo iliyozaa Premio, ilikuwa ya Toyopet. Carina, ambayo Allion iliirithi, ilikuwa ya Toyota Store. Mark II ilikuwa Toyopet, Chaser ikawa Auto, Cresta ikawa Vista: watatu kwa mpigo. Noah ikawa ya mtandao wa Corolla, Voxy ikaenda Netz. Alphard ilikaa Toyopet, Vellfire ikakaa Netz.

Hesabu yake haina ugumu. Gharama kubwa ya gari jipya iko chini na ndani: sakafu, mahali injini inapofungwa, mfumo wa usukani, gia boksi, majaribio ya kugongesha. Huo ndio msingi wa gari, na ukishaulipia, kubadili taa na bampa ni fedha kidogo sana ukilinganisha. Wakati ule wauzaji wa Kijapani walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba na katalogi mkononi. Familia moja ingeweza kutembelewa Jumamosi na kijana wa Toyopet, Jumapili na kijana wa Toyota Store. Yeyote atakayeshinda, fedha zinaishia Toyota. Anayeumia ni Nissan, ambaye kijana wake amefika Jumatatu.

Hapo pia ndipo ilipo siri ya ile milimita 1,695. Sheria ya usajili ya Japani inagawa magari kwa ukubwa. Gari likizidi mita 1.7 kwa upana, au mita 4.7 kwa urefu, linapanda kundi, na bila shaka linapata tabu kwenye vichochoro vya miji yao. Wasanifu wakasukuma hadi milimita tano kabla ya mpaka na kuishia hapo. Pima magari mengi ya Kijapani ya enzi hizo yaliyojaa barabarani kwetu na utakuta namba hiyohiyo ikijirudia. Magari haya hayakufikiriwa kwa ajili ya barabara ya Morogoro wala ya Thika. Yalifikiriwa kwa ajili ya vichochoro vya miji ya Japani na daftari la usajili la nchi hiyo, kisha ukaguzi wao wa lazima, ambao baada ya miaka mitatu ya mwanzo huja kila miaka miwili na si wa bei ndogo, ukawafanya wenyewe wayaachie mapema. Sisi tukayapokea pamoja na ubishi wake, bila kujua kwamba ubishi wenyewe ulikuwa wa wenye maduka wa kule.

Waliojaribu wakaungua

Usidhani mbinu hii ni dawa ya kila mtu. Mazda, kampuni ndogo ya Hiroshima, iliona Toyota ina mitandao mitano nayo ikataka mitano: Mazda, Anfini, Eunos, Autozam na Autorama. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980, fedha zikiwa nyingi Japani na benki zikikopesha kwa tabasamu. Gari moja la ukubwa wa kati, Cronos, likatolewa kwa rundo la majina: Anfini MS-6, Autozam Clef, Ford Telstar na mengine. Wateja hawakujua wanunue lipi, na kila jina lilipata mauzo ya kusikitisha. Uchumi ulipopasuka, Mazda haikuwa na akiba ya kubeba mitandao yote hiyo. Mwaka 1996 Ford ikapandisha hisa zake hadi asilimia 33.4 na kumweka Henry Wallace kuwa rais wa kampuni, mgeni wa kwanza kuongoza kampuni ya magari ya Japani.

General Motors yenyewe, ambayo Kamiya alijifunza kwake, iliishia pabaya kwa njia nyingine. Alfred Sloan, kiongozi wake, katika miaka ya 1920 alipanga chapa zake kama ngazi: Chevrolet kwa mwenye kipato kidogo, Cadillac kwa tajiri, na katikati Pontiac, Oldsmobile na Buick. Aliitumia ngazi hiyo kumshinda Henry Ford, ambaye aliuza zaidi ya Model T milioni 15 lakini akang'ang'ania gari moja hadi 1927. Ngazi ya Sloan ilifanya kazi muda wote vidato vilipokuwa na tofauti ya kweli. Kufikia miaka ya 1980 tofauti ilibaki kwenye nembo, na mteja wa Marekani akajiuliza kwa nini alipe zaidi kwa Oldsmobile ambayo ni Chevrolet iliyovaa suti. Oldsmobile ilifungwa mwaka 2004. Pontiac ilifuata baada ya kampuni kufilisika mwaka 2009.

Volkswagen imekwenda vizuri zaidi, na kwa maoni yangu ni kwa sababu haikuficha undugu. Ilipoichukua Skoda mwaka 1991, watu Ulaya walikuwa wakitunga vichekesho kuhusu magari hayo ya Kicheki. Mwaka 1996 ikatoka Octavia, iliyojengwa juu ya msingi uleule uliokuja kubeba Golf ya nne, ikiwa na nafasi kubwa zaidi na bei ya chini. Mwaka 2012 kampuni ilikwenda mbali zaidi na msingi uitwao MQB, ambao unaweza kurefushwa na kupanuliwa, kipimo kisichobadilika sana kikiwa ni kile cha kutoka pedali hadi ekseli ya mbele. Juu yake zimekaa Golf, Audi A3, Skoda, Seat na gari kubwa la familia kama Tiguan. Hapo chapa zinatofautiana kwa bei na kwa mteja, na mwenye Octavia anajua kabisa amenunua nini. Anajisifu nacho.

Kuna upande mmoja wa kushirikiana vipuri ambao watu hawaupendi kuuzungumzia. Kipuri kikiwa cha wote, kasoro nayo ni ya wote. Mifuko ya hewa ya Takata ilifungwa kwenye magari ya karibu kila kampuni kubwa. Ilipogundulika kwamba kifaa chake cha kupulizia kinaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma, hasa kikizeeka kwenye joto na unyevu, ukaja wito mkubwa kuliko wote wa kurudisha magari kiwandani, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Corolla na Vitz zilikuwemo. Joto na unyevu tunavyo vya kutosha pwani yetu, na gari la mtumba halifuatwi na barua ya kiwanda hadi Tanga.

Gari moja, dunia tofauti

Si kila tofauti ya jina ni ya wenye maduka. Nyingine ni ya serikali. Mwaka 1964 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo, kulipiza kisasi kwa nchi za Ulaya zilizozuia kuku wake. Ugomvi wa kuku ulikwisha zamani, ushuru ukabaki. Ndiyo maana Mmarekani hanunui Hilux mpya, bali hununua Tacoma, gari tofauti lililoundwa kwa ajili yake. Hilux ya kuanzia 2004 iliundwa kwa mradi mmoja na Fortuner na Innova, makusudi kwa nchi kama zetu, na kuzalishwa Thailand, Indonesia, Afrika Kusini na Argentina. Japani kwenyewe haikuuzwa tangu 2004 hadi 2017. Aliyewahi kuzunguka kwenye tovuti za magari ya mtumba ya Japani akitafuta Hilux ya 2010 akaambulia patupu, hakukosea kutafuta. Haikuwako.

Wakati mwingine jina linaficha mtengenezaji mwenyewe. Passo ilitengenezwa na Daihatsu, ambayo kwao iliiuza kwa jina la Boon, hadi zote mbili zilipokoma mwaka 2023. Mazda imekuwa ikiuza Familia Van, na tangu 2018 gari hilo ni Probox yenye nembo ya Mazda. Kabla ya hapo lilikuwa Nissan AD yenye nembo ya Mazda. Yaani kampuni moja ilibadilisha gari zima bila kubadili jina. Starlet mpya unayoiona kwenye maduka ya Toyota barani Afrika tangu 2020 ni Suzuki Baleno kutoka India. Afrika Kusini hata jina la Vitz lilirudi mwaka 2023, na safari hii ni Suzuki Celerio. Sioni ubaya wowote hapo: Suzuki inajua kutengeneza gari dogo la bei nafuu India kuliko mtu yeyote, na Toyota ina maduka Afrika. Ila anayelipa ziada kwa sababu ya nembo pekee angefaa kwanza aulize bei ya pacha wake.

Mwisho wa mitandao, na mwanzo mwingine

Mwaka 1990 Japani iliuza magari mapya takriban milioni 7.8. Mwaka 2024 yalikuwa milioni 4.4 hivi. Watu wanazeeka, vijana wa mijini wanapanda treni, na mitandao minne katika mji unaopungua watu ni mzigo. Mwezi Mei 2020 Toyota ikaondoa mipaka nchi nzima: kila duka linaweza kuuza kila Toyota.

Kilichofuata ni jaribio safi ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga vizuri zaidi. Kwa miaka mingi Vellfire iliishinda Alphard kwa mauzo, ingawa Alphard ilikuwa imeshaipita kabla ya 2020. Zilipowekwa chini ya paa moja, wateja karibu wote wakachagua Alphard, na Vellfire ikaporomoka. Tank, pacha wa Roomy, ikafutwa Septemba 2020. Premio na Allion zikakoma Machi 2021. Esquire, ndugu wa tatu wa Noah na Voxy, ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Pacha aliyelindwa na ukuta wa duka hakuweza kusimama ukuta ulipovunjwa. Toyota ilipotoa Alphard na Vellfire mpya mwaka 2023, Vellfire ikapewa injini yake ya turbo ya 2.4 na bodi iliyokazwa zaidi, tofauti ambayo dereva anaweza kuihisi. Premio haikupata bahati hiyo.

Lakini mapacha hawajafa. Wamehamia China. Sera ya China ya miaka ya 1990 ilimtaka mgeni aingie ubia na kampuni ya ndani, asizidi nusu ya hisa. Toyota ikaishia na washirika wawili, FAW na GAC, na kila mmoja alitaka gari lake. FAW ina Corolla, GAC ina Levin. FAW ina RAV4, GAC ina Wildlander. Honda vilevile: Dongfeng ina CR-V na Civic, GAC ina Breeze na Integra. Pacha huzaliwa popote kampuni inapokuwa na wauzaji wawili isiotaka kumuudhi hata mmoja, na lugha wanayozungumza wauzaji hao haibadilishi kitu.

BYD ya Shenzhen, iliyoanza mwaka 1995 kwa kutengeneza betri na kuingia kwenye magari mwaka 2003, imeisoma hadithi hii. China ina mtandao mmoja wa BYD unaouza magari yenye majina ya enzi za kifalme, Qin, Han, Tang na Song, na mwingine wenye majina yatokanayo na bahari. Qin Plus inakaa wa kwanza, Destroyer 05 inakaa wa pili, na chini ni gari moja. Mwaka 2023 BYD iliipita Volkswagen na kuwa chapa inayouzwa zaidi China, nafasi ambayo Wajerumani walikuwa wameizoea kwa miaka mingi. Mwaka huohuo China iliipita Japani kwa idadi ya magari iliyouza nje. Mwaka 2024 Marekani ikaweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme ya China, na Umoja wa Ulaya ukaongeza juu ya asilimia 10 iliyokuwepo: 17 kwa BYD, 35.3 kwa SAIC, kampuni nyingine ya China. Huko Japani, kampuni za Honda na Nissan zilianza mazungumzo ya kuungana Desemba 2024. Yakavunjika Februari 2025, Honda ilipotaka Nissan iwe kampuni tanzu yake.

Toyota bado iko juu kabisa, ikiwa imeuza magari milioni 10.8 pamoja na kampuni zake tanzu mwaka 2024, Volkswagen ikifuata na milioni 9 hivi. Hata hivyo, ilipohitaji sedani ya umeme kwa soko la China haikujifungia kwao. Ilitengeneza bZ3, iliyotangazwa mwaka 2022, kwa kushirikiana na BYD: nembo ni ya Toyota, kiwanda ni cha ubia wake na FAW, betri na mota ni za BYD. Kenya hali inakaribia kufanana upande wa duka. CFAO, kundi linalouza Toyota na Suzuki huko, ni mali ya Toyota Tsusho ya Japani, na tawi lake la Loxea ndilo lililoingiza magari ya umeme ya BYD nchini humo mwaka 2024.